Kinachobaki Ndani ya Titani Baada ya Rola

Septemba 2017, Airbus A380 ya Air France iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Los Angeles ilipoteza feni ya injini moja juu ya Greenland, ikatua salama Goose Bay, Kanada. Kipande cha kitovu cha feni kilifukuliwa barafuni mwaka 2019. Wachunguzi wa BEA, idara ya Ufaransa ya ajali za ndege, walikuta kwamba ufa ulianzia ndani ya metali yenyewe, mahali ambapo chembe nyingi, yaani fuwele ndogo zinazounda metali, zilielekea upande mmoja. Kitovu kile kilifinyangwa kwa kushindiliwa, hakikupita kwenye rola. Hata hivyo, kasoro yake inamhusu kila anayesifu bamba la titani kwa kutazama picha ya darubini tu.

Aloi yenyewe ni Ti-6Al-4V: titani yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi. Ikiwa baridi, sehemu yake kubwa ni alfa, yenye fuwele za pembesita. Kiasi kidogo ni beta, yenye fuwele za mchemraba. Karibu na nyuzi 995 za Selsiasi, yote hugeuka beta. Bamba likibanwa na rola juu ya mpaka huo kisha likapoa polepole, alfa huota kama vibamba vyembamba, makundi kwa makundi, ndani ya chembe kubwa za beta. Muundo huo hukawiza ufa kuenea, ila metali huvutika kidogo tu kabla ya kukatika. Ndiyo maana kazi ya mwisho hufanywa chini ya mpaka. Hapo rola hupinda na kukatakata vibamba, na bamba likipashwa moto tena, vipande hujikusanya kuwa chembe za mviringo.

Joto ni gumu kulidhibiti, kwa sababu titani hulipitisha vibaya: rola hupoza uso huku kiini kikibaki na moto wake, na kubanwa kwenyewe huzidisha moto huo. Uso na kiini cha bamba moja vinaweza kutofautiana.

Lakini umbo la chembe ni nusu tu ya habari. Seremala hatazami ukubwa wa ubao peke yake, huuliza pia nyuzi zimelala wapi; fuwele ya alfa nayo ina mhimili wake. Ukiivuta kufuata mhimili huo, ukinzani wake dhidi ya kunyumbuka ni kama gigapaskali 145. Ukiivuta kwa kuukata mhimili, ni kama 100. Bamba likisukumwa upande mmoja tu, tena karibu na mpaka wa beta, mihimili mingi hulala kuelekea ubavuni. Likibanwa kwa joto la chini zaidi na kugeuzwa mara kwa mara, mihimili mingi husimama wima juu ya uso wake. Mikanda miwili iliyokatwa kwenye bamba la kwanza, mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana, haitakuwa na tabia moja.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa zaidi iko kwenye makundi ya zamani ya vibamba. Kibamba kikikatika vipande kumi vya mviringo, vipande hivyo huweza kubaki na mwelekeo uleule wa mzazi wao. Darubini ya kawaida itaonyesha chembe nzuri, ndogo, zilizotengana. Ramani ya mielekeo inayochorwa kwa miale ya elektroni itaonyesha eneo pana la rangi karibu moja. Mzigo ukishikiliwa kwa muda katika kila mzunguko wa kuwekwa na kuondolewa, chembe laini za jirani huteleza na kuuhamishia kwenye chembe zenye mhimili uliolingana na mvuto, ambazo haziwezi kuteleza kirahisi. Ufa huzaliwa hapo, na kwa kuwa majirani wameelekea vilevile, hakuna wa kuukatiza njia.

Dawa huanza kabla ya rola za mwisho: kupasha hadi beta na kupoza haraka ili makundi yawe madogo, kisha kubana sana, ikiwezekana kwa kubadili mwelekeo. Kila hatua ina gharama, na bamba nene hupata mbano mdogo zaidi kwenye kiini kuliko bamba jembamba. Ukaguzi wa mawimbi ya sauti nao ulibuniwa kutafuta matundu na uchafu. Eneo la fuwele zilizoelekea pamoja ni metali ileile, isiyo na mwanya wala kitu kigeni.