Nguvu na Kiasi Mkononi mwa Seremala

Katika kazi zote za useremala hakuna tendo linaloonekana dogo na kumbe lina athari kubwa kama kutoboa tundu. Kwa kuwa ubao uliokatwa vibaya huonekana mara moja na kila mwenye macho, na ubao uliopigwa randa vibaya hutambulikana kwa kiganja, lakini tundu lililokwenda upande, au lililonyimwa upana wake, hujificha ndani ya mti miezi na miaka, mpaka siku ambayo mlango unalegea katika bawaba zake au kiti kinapasuka chini ya mgeni mheshimiwa. Ndiyo sababu napenda kuisifu hekima ya fundi asimamaye mbele ya mashine mbili, drili ya betri na impakti, akajua ipi aishike. Maana uchaguzi huo, ijapokuwa hufanywa kwa nukta chache, ni muhtasari wa ufundi wote.

Mafundi wa pwani yetu walikuwa na keke kabla umeme haujawafikia: kijembe cha chuma kilichotiwa katika msukano wa mti, jivu la kushikia juu yake, na uta ambao kamba yake iliuzunguka msukano na kuupekecha kwenda na kurudi. Waundaji wa majahazi walitanguliza chombo hicho kila mahali pa msumari kabla ya kuinua nyundo, kwa sababu walijua kwamba msumari mnene ukilazimishwa katika mti mgumu huupasua, na ubao uliopasuka chini ya maji humchosha hata bingwa wa kalafati. Mkono mmoja ulikaza jivu na mwingine ulivuta uta. Wa kwanza ulitawala uzito, wa pili ulitawala mwendo, na baina ya mikono hiyo miwili fundi alipata habari za mti, kama ni mkavu au mbichi, kama una kifundo, kama kijembe kinakaribia kutokea upande wa pili.

Umeme ulipoingia katika kazi hii ulianza na mashine nzito. Mwaka 1889, mjini Melbourne, Arthur James Arnot na William Blanch Brain walipata hataza ya drili ya umeme; mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart ikatengeneza drili ya kubebwa mkononi; na mwaka 1961 Black & Decker wa Marekani wakatoa drili ya betri, isiyofungwa na waya wowote. Kila hatua iliupunguzia mkono taabu, wala hakuna hata moja iliyoiondolea akili wajibu wake.

Drili ya betri ni mrithi halali wa keke. Mbele yake kuna kinywa chenye meno matatu, yanayoifunga biti ya mviringo hadi unene wa milimita 10 au 13, na nyuma ya kinywa hicho kuna pete iliyoandikwa tarakimu, ambayo ndiyo fadhila yake kuu: fundi huigeuza ili kuchagua kiasi cha nguvu atakachokiruhusu, na skrubu inapokifikia kiasi hicho mashine hutatarika na kuacha kusukuma, hata kama kidole kingali kimekaza. Mwendo wake wa pole ni wa kutia skrubu, mwendo wake wa kasi ni wa kutoboa, na mzunguko wake haukatiziki, hivyo tundu hutoka limenyooka, safi mdomoni, na la kipimo kilichokusudiwa.

Impakti ina tabia nyingine. Ni fupi, na kinywa chake hakina meno bali tundu la pembe sita, linalopokea biti zenye shina la robo inchi. Ndani yake mna nyundo na fuawe: skrubu ikiingia bila upinzani, vyote viwili huzunguka pamoja kwa utulivu, lakini upinzani unapoishinda kamani iliyo nyuma ya nyundo, nyundo hurudi, ikajiponyoa, kisha ikatupwa mbele na kuipiga fuawe, mapigo zaidi ya 3,000 kwa dakika, kila pigo likiisogeza skrubu kidogo. Kwa njia hiyo mashine ndogo hutoa nguvu ya kusokota aghalabu ya nyutonimita 150 na zaidi, ambapo drili nyingi za kawaida hutoa 50 au 60. Tena drili skrubu yake ikikwama humgeuzia fundi nguvu yake na kuweza kumtegua kifundo cha mkono, jambo la hatari kwa aliye juu ya ngazi. Impakti hugawa nguvu hiyo katika mapigo mafupi, na mkono hausikii ila mtetemo. Masikio ndiyo yanayolipa gharama, na mwenye busara huyaziba.

Basi kila kazi ina haki yake. Fundi anayefunga boriti za paa kwa skrubu ndefu ashike impakti bila kusita, kwa kuwa kazi hiyo ni ya nguvu na drili ingechoka mapema. Lakini anayefunga bawaba za shaba kwa skrubu za shaba katika mlango wa mninga aiweke impakti mbali. Shaba ni laini, na pigo moja la ziada hukata kichwa cha skrubu na kuliacha shina lake limezikwa katika mti. Huyo atoboe kwanza kwa biti nyembamba kuliko skrubu, atangulize skrubu ya chuma ya kipimo kile kile ili ichonge njia ya hesi, aitoe, kisha aipake skrubu ya shaba nta au sabuni, na aimalizie kwa drili iliyowekwa tarakimu ndogo, au kwa bisibisi ya mkono. Hata juu ya bati, ambako impakti hupendwa kwa wepesi wake, kidole kizito huiponda raba iliyo chini ya kichwa cha skrubu, na mvua za masika huja kuidhihirisha kasoro hiyo.

Mwenye fedha za mashine moja na anunue drili kwanza, kwa kuwa drili huweza kutia skrubu kwa subira pamoja na kutoboa kwa usahihi, bali impakti, pamoja na ushujaa wake wote, haina pete ya kuizuia, na mwanafunzi aliyelelewa na nguvu peke yake huchelewa kujifunza kiasi. Akipata uwezo wa ya pili anunue impakti, ashukuru, wala asidhani kwamba wingi wa zana umemwondolea haja ya kufikiri. Mashine zote mbili hutii kidole bila kuuliza. Kwa hiyo kuuliza ni faradhi ya fundi: mti huu ni wa aina gani, skrubu hii ni ya madini gani, na nani atakayekitegemea kiungo hiki. Ajiulizaye hayo kabla ya kila tundu anastahili jina la seremala, ashike uta wa keke au ashike betri.