'Sijui': Kitenzi kilichogeuzwa tusi

Kisarufi, "sijui" ni kitenzi kikanushi: si- ya nafsi ya kwanza, mzizi -ju-, kisha -i. Kwa Wasomali limekuwa nomino pia. Mzaliwa wa Somalia humwita Msomali wa Kenya "sijui". Huyu naye humrudishia "qaxooti", yaani mkimbizi. Wapo wanaosema ni utani wa vijana tu. Mimi sikubali. Karibu na Dagahaley, kambi iliyofunguliwa 1992, kuna Wakenya waliosajiliwa utotoni kama wakimbizi, kisa njaa: wazazi walitaka mgao wa chakula. Walipotimiza miaka 18, alama za vidole ziliwanyima kitambulisho. Huku ni sijui, kule ni qaxooti. Mwalimu mwenzangu, ukifundisha ukanushi huko, tafuta mfano mwingine.