Mtoto Hafunikwi Kama Sufuria

Majuzi mkaza mwanangu alirudi nyumbani hapa Manyatta, Embu, na mtoto mchanga na karatasi ya maagizo iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza. Sentensi moja ilisema: "Mfunike mtoto vizuri baada ya kumwogesha." Nyanyake akatii. Alichukua blanketi akamfunika kweli kweli, kichwa, uso na yote. Nilimfunua mwenyewe. Upande wa pili Kiingereza kilisema "wrap".

Jamani, nyanya hana kosa. Aliyekosea ni mtafsiri. "Wrap" ni kukizungushia kitu nguo au karatasi. "Cover" ni kukiwekea kitu kingine juu. Tofauti hiyo tunayo, tena tunayo kwa wingi. Sufuria hufunikwa, kidonda hufungwa, mkeka hukunjwa, mtoto huzungushiwa leso. Miraa ya Meru hufungwa kwa majani ya migomba isinyauke. Hotelini nako, anayetaka kwenda na chapati zake humwambia mhudumu "nifungie". Hebu jaribu kusema "nifunikie" uone kama hutaletewa sahani ya pili juu ya ile ya kwanza!

Kamusi zetu za Kiingereza na Kiswahili hupanga vitenzi hivi kwenye mstari mmoja, koma kwa koma, kana kwamba ni mapacha. Mtafsiri mwenye haraka huokota cha kwanza. Mimi huwapa wanafunzi wangu mtihani mdogo: jiulize kitu hicho kitarudishwaje kilivyokuwa. Kiingereza hutanguliza "un-": "unwrap", "uncover", "unfold". Sisi kazi hiyo huifanya kwa -u- mwishoni: funga, fungua, funika, funua, kunja, kunjua. Zawadi utaifungua, chungu utakifunua. Basi kitenzi umekipata. (Kuzungushia hakuna mwenzake wa namna hiyo, nakubali.)

Kwa "surround" tumefanya vyema zaidi. Polisi huzingira nyumba, na kutokana na kuzingira tukapata mazingira, neno linalokaa sawa kabisa na "environment", ambalo nalo lilitokana na Kifaransa cha kuzunguka. Lakini mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, wengi wetu tuliendelea kusema "packaging", ilhali Watanzania wana vifungashio.

Hata jina la hapa kwetu lina kisa chake. Kwa Wamaasai, emanyatta ni makao ya morani, na boma la familia ni enkang. Kiingereza cha watalii kiliviita vyote manyatta, nasi tukafuata.

Karatasi ile niliisahihisha kwa kalamu: "Mzungushie mtoto leso mwilini, uache uso wazi." Nikaipeleka kwa muuguzi. Alinisikiliza kwa heshima, akakubali kwamba nina haki, kisha akanionyesha bunda zima lililokwisha kuchapishwa. Zitagawiwa hadi ziishe.