Makmende: Ucheshi uliofichwa katika neno la mtaa

Mwaka wa 2010, kundi la Just a Band lilitoa video ya wimbo wao 'Ha-He'. Shujaa wake ni Makmende, jamaa mwenye nywele za afro, kitambaa kichwani na uso usiojua tabasamu. Anawatwanga wahuni, anamwokoa msichana aliyetekwa, basi. Wakenya walimtungia vichekesho tele mtandaoni. Walikuwa wakicheka nini hasa?

Jibu la haraka ni mtindo. Video inaiga filamu za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, mithili ya Shaft ya 1971: mavazi ya enzi hizo, vitisho vya macho na mapigano yaliyotiwa chumvi. Jibu hilo ni sahihi ila halitoshi. Kuiga ukale bila zaidi huchosha upesi.

Siri imo katika jina. Watoto wa mitaa ya Eastlands walilijua neno hili miaka mingi kabla ya video. Ukijitia ubabe uwanjani, uliulizwa: "Wee, unajiona Makmende?" Asili inayotajwa sana ni maneno ya Kiingereza 'make my day', ambayo Clint Eastwood aliyatamka katika filamu ya Sudden Impact ya 1983. Watoto waliyasikia, wakayaviringa mdomoni, yakatoka neno moja.

Hebu tutazame walichokifanya. Kitenzi, kimilikishi na nomino viliungana kuwa jina la mtu. Sauti 'd' ilitanguliwa na 'n', tukapata 'nd' ile ile ya 'kitanda' na 'ndege'. Wala 'ma-' ya mwanzo haikugeuzwa kiambishi cha wingi. Hakuna aliyewahi kusema 'kmende mmoja'. Huko si kushindwa na Kiingereza. Ni kuunda neno.

Na neno lenyewe lilikuwa la kejeli. Makmende alikuwa mtu asiyekuwepo, kipimo cha kumshushia anayejikweza. Video inageuza mambo: inamleta mwenyewe, mzima, barabarani Nairobi. Ni kama umwone Abunuwasi akishuka matatu. Hapo ndipo kicheko kinapozaliwa, na kinakolea kwa sababu shujaa hacheki hata chembe. Mchekeshaji akitangulia kucheka, mzaha hufa.

Kwa hivyo ukale wa video hii si wa Marekani. Ni kumbukumbu ya mtoto wa mtaa aliyetazama filamu ya kigeni, kisha akatoka nje kuiigiza vumbini.

Dosari ipo. Msichana aliyetekwa yupo ili aokolewe tu. Video inaucheka ubabe wa filamu za zamani lakini inamwacha mwanamke pale pale zilipomweka. Hata enzi hizo zenyewe zilikuwa na Foxy Brown, filamu ya 1974 ambamo Pam Grier anajipigania mwenyewe.

Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kukimbilia kalamu nyekundu tunapokutana na neno la Sheng. Hili liliishi midomoni mwa watoto bila kamusi wala mtihani wa kulilinda, hatimaye likabeba kazi nzima ya sanaa. Kabla hatujalifuta neno la mtaa, tuulize kwanza: linafanya kazi gani huko mtaani?