Juu ya Kihispania Kinachoitwa Safi

Liko shauri moja ambalo wanafunzi wa Kihispania hupewa karibu kila mahali, nalo ni hili: nenda ukajifunze katika nchi ya Castilla, penye lugha safi, nawe utafahamika popote uendapo. Mji wa Valladolid umepata sifa kubwa kwa neno hili, na ng'ambo ya bahari mji wa Bogotá nao hujivunia sifa iyo hiyo. Kwa kulitegemea shauri hili wako mapadre na masista waliotumwa Hispania kujifunza, kisha wakapewa kazi Honduras au Santo Domingo. Nataka kulipima, maana naona ya kuwa nusu yake ni kweli, na nusu ya pili huwatia watu katika taabu wasiyoonywa.

Kwanza tulitazame hilo neno "safi". Watu wa Castilla hutamka herufi z, na c iliyo mbele ya e au i, kama th yetu katika thelathini. Kwao caza, yaani mawindo, si sawa na casa, yaani nyumba. Katika Amerika, na katika visiwa vya Canarias, na sehemu kubwa ya Andalucía, maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa, kwa s. Wengi husimulia kwamba zamani palikuwa na mfalme mwenye kitembe, na watu wa baraza lake wakamwiga. Hiyo ni hadithi tu. Mwenye kitembe huharibu kila s, na Mcastilla huitamka s ya casa bila shida yo yote. Kweli ni hii: Kihispania cha kale kilikuwa na sauti kadhaa za jamaa ya s, na katika karne ya 16 na ya 17 zikapungua. Kaskazini, mahali pa sauti hizo zikabaki mbili. Sevilla ikabaki moja. Na kwa kuwa safari za Amerika zilisimamiwa kutoka Sevilla tangu mwaka 1503, desturi ya kusini ndiyo iliyopanda merikebu. Basi s ya Mexico si th iliyoharibika. Ni ndugu yake, wamezaliwa na mama mmoja. Kiunguja kilichaguliwa kuwa Kiswahili cha vitabuni, wala Kimvita hakikuwa kichafu kwa sababu hiyo.

Tena wenye Kihispania tangu utoto wakaribia milioni 500, na Wahispania wenyewe ni kama mmoja tu katika kumi. Anayeita kosa lile linenwalo na tisa katika kumi, yampasa atueleze kwanza maana ya kosa.

Lakini hayo ya th ni mepesi. Anayeizoea atafahamika Lima na Mexico pia, na hapa shauri lile lasema kweli. Taabu iko katika sikio. Mwanafunzi aliyefundishwa na mwalimu wa Valladolid, ambaye huitamka kila s ya mwisho, akifika Santo Domingo, au Cuba, au pwani ya Venezuela, ataona s zile zimekuwa pumzi tu, kama h, ama zimetoweka kabisa. Los amigos, "marafiki", yawa loh amigoh, au lo amigo. Na s hiyo si pambo: ndiyo alama ya wingi katika majina, tena ndiyo inayotenga "wewe" na "yeye" katika vitenzi, kama tienes, "unacho", na tiene, "anacho". Bibi kizee atamwuliza mgeni neno, naye mgeni asijue kama aulizwa habari zake mwenyewe ama za mtu mwingine. Bibi amemfahamu padre vizuri. Padre ndiye asiyemfahamu bibi. Katika kitubio jambo hilo si la mzaha. Shauri lile limehesabu ulimi, likasahau sikio. Husema utafahamika, halisemi utafahamu.

Vitabu vya kufundishia navyo vina lawama. Nyingi ya sarufi hizo humpa mwanafunzi tú kwa rafiki, usted kwa mtu wa heshima, na vosotros kwa rafiki wengi, kana kwamba mambo yamekwisha. Lakini Argentina, Uruguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati, pamoja na Honduras, rafiki huitwa vos, na kitenzi hubadilika: vos tenés, si tú tienes. Neno hilo halikuzushwa na wajinga. Katika karne ya 16 vos lilikuwa katika vinywa vya Wahispania wenyewe; kwao likafa, na mbali na miji mikuu ya watawala likaishi. Bogotá nako, ndugu na ndugu, hata mume na mkewe, huweza kuitana usted. Mgeni aliyefundishwa kwamba usted ni la watu wasiojuana atadhani wenyeji wamemtenga, kumbe wamekwisha kumpokea nyumbani.

Habari ya vosotros yatuhusu sisi zaidi. Katika Amerika "ninyi" ni ustedes, kwa mtoto na kwa askofu. Vosotros limebaki katika Maandiko: Biblia ya Casiodoro de Reina, iliyochapwa Basel mwaka 1569 na kusahihishwa na Cipriano de Valera mwaka 1602, ina vosotros, na sahihisho la mwaka 1960, linalosomwa sana na Waprotestanti wa Amerika, halikuliondoa. Katika Misa, Hispania padre husalimu watu kwa vosotros, Amerika kwa ustedes. Basi mwalimu atokaye Salamanca akiwaambia watoto wa Guatemala vosotros, huonekana kama Biblia iliyoota miguu. Watamheshimu, sijui kama watamzoea.

Aliyeliona jambo hili mapema ni Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, aliyetoa sarufi yake Chile mwaka 1847 kwa ajili ya watu wa Amerika. Alishika kwamba Chile na Venezuela zina haki ya kuvumiliwa tofauti zao sawa na Aragón na Andalucía. Neno zuri mno. Walakini Bello huyo huyo aliwakemea Wachile kwa kusema vos, na hapo nadhani alikiacha kipimo chake mwenyewe.

Kosa la upande wa pili lipo, nalo ni la wasafiri: kuokota neno hapa na neno pale hata lugha ikawa shuka ya viraka. Guagua ni basi katika Cuba na Canarias. Katika Chile ni mtoto mchanga. Coger katika Hispania ni "kushika" tu, lakini Mexico na Argentina ni neno la aibu, nalo halifai kabisa mimbarini. Kwa hiyo mtu na achague usemi wa mahali pamoja, aushike.

Wala mahali hapo si lazima pawe mbali na bara letu. Katika Guinea ya Ikweta Kihispania ni lugha ya serikali, na wamisionari Waklareti walifika huko mwaka 1883. Wenyeji, ambao wengi lugha za mama zao ni za Kibantu kama Kifang na Kibubi, huweza kusema voy en Bata, "naenda katika Bata", pale Mhispania atumiapo a. Mwalimu mgeni huandika kosa kwa wino mwekundu. Sisi tusemao "niko shuleni" na "naenda shuleni" kwa -ni ile ile twajua ni fikira gani iliyo nyuma yake. Chuo cha lugha cha nchi hiyo kimepokewa katika umoja wa vyuo vya Kihispania tangu mwaka 2016.

Basi anayemtayarisha mtu wa kwenda Honduras na amtafutie Mhondurasi wa kuzungumza naye saa moja kila juma: bibi mwenye haraka, akipatikana, kuliko msomaji wa habari. Hiyo th itangoja.