Fani ya Jalada la Santuri: Nafasi Tupu na Nafasi Iliyojaa

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na aghalabu mgawanyo huo umetumiwa kwa maandishi na masimulizi tu. Jalada la santuri limeachwa nje, kana kwamba ni karatasi ya kufungia bidhaa. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba jalada ni fasiri ya muziki uliomo ndani yake, na kwamba kanuni za usanifu wa picha, yaani mizani, ukinzani, mrudio, uzito wa vitu na matumizi ya nafasi, humfaa mhakiki iwapo atauliza kila kanuni inafanya kazi gani. Mhakiki anayezishika kama amri atahukumu vibaya, hasa atakapozikabili kazi za Kiafrika.

Yafaa tuanze na historia. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 santuri nyingi ziliuzwa ndani ya majalada ya rangi moja yasiyo na picha. Mnamo 1940 Alex Steinweiss, msanii kijana wa kampuni ya Columbia nchini Marekani, alianza kuyachora. Santuri ndefu ilipotolewa mwaka 1948, mraba wenye sentimita 30 hivi kila upande ukawa uwanja wa wasanii.

Katika uwanja huo hakuna anayesifiwa kama Reid Miles, ambaye kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1967 alisanifu majalada yapatayo 500 ya kampuni ya Blue Note ya New York, iliyotoa muziki wa jazi. Mara nyingi alizichukua picha zilizopigwa na Francis Wolff, akazikata pembeni, akazitia rangi moja au mbili, kisha akaziweka kando ya herufi nene na nafasi tupu. Tutazame jalada la Unity la Larry Young. Herufi U imegeuzwa chombo kilichobeba viduara vinne, na wanamuziki waliocheza katika santuri hiyo ni wanne. Jina linautaja umoja, na herufi inauonyesha. Hapa fani na maudhui havitenganiki.

Kutokana na kazi za namna hii wengi wametunga sheria: jalada zuri halijazwi. Lakini Miles mwenyewe hakuifuata. Katika It's Time! ya Jackie McLean, iliyorekodiwa mwaka 1964, aliujaza uso wa jalada kwa safu za alama za mshangao, akaisukuma picha ya mpiga saksofoni juu, ikawa ndogo mno. Kinacholiokoa jalada hilo ni mrudio, kwani alama zile kwa wingi wake hupiga kelele moja tu. Ni dhahiri basi kwamba utupu ni njia mojawapo ya kuliongoza jicho, wala si njia pekee.

Sasa twende Lagos, ambako sheria hiyo imeleta hukumu zisizo za haki. Lemi Ghariokwu, aliyejifunza uchoraji mwenyewe, alikuwa hajatimiza miaka 20 alipochora jalada la Alagbon Close la Fela Kuti, santuri ya 1974. Alagbon ni mahali Fela alipowekwa kizuizini na polisi. Katika picha hiyo Fela anacheza akiwa amekata mnyororo. Nyumba yake, aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta, imesimama imara kama mwamba. Gereza lipo upande wa pili. Na majini nyangumi anaipindua mashua ya polisi. Mtu aliyelelewa na Blue Note atasema kwamba vitu vimezidi.

Nami nasema vimepangwa. Mwili wa Fela ndio mkubwa kuliko vyote, nao huonekana kwanza. Nyumba na gereza ni pande mbili za mizani moja. Nyangumi huja mwisho, kama kicheko mwishoni mwa hadithi. Huo ni mpangilio wa masimulizi: shujaa, uwanja wa mapambano, kisha kisasi. Msomaji wa Kiswahili asishangae, kwani kanga nayo hujaa rangi na maua, lakini pindo, mji na jina kila kimoja kina mahali pake, na hakuna anayepotea akiisoma. Kujaa si fujo.

Hata hivyo si kila kazi ya Ghariokwu ina nguvu sawa. Katika Beasts of No Nation ya 1989 aliwavika pembe Reagan, Thatcher na Botha. Mwaka huo nyuso zile hazikuhitaji maelezo. Leo kijana aliyezaliwa baadaye hana budi kuambiwa ni za nani, ilhali mnyororo uliokatika haumhitaji mfasiri. Alama inayotegemea habari za siku huzeeka pamoja na habari hizo.

Kipimo kingine kimeletwa na wakati. Jalada lilipungua hadi sentimita 12 katika kisanduku cha diski, na sasa laonekana katika simu likiwa dogo kuliko stampu ya barua. Katika udogo huo viduara vya Miles bado vyahesabika. Nyangumi wa Ghariokwu hutoweka, lakini mtu aliyekata mnyororo hubaki. Hasara ipo, maana kicheko kimepotea. Hata hivyo kiini cha hadithi kimesalimika, na hilo lathibitisha kwamba msanii alijua lipi litangulie na lipi lifuate.

Kwa hiyo tunapofundisha uhakiki wa picha tusianze kwa kuhesabu vitu vilivyomo. Tuulize jicho linaanzia wapi, linapelekwa wapi, na linapofika limeambiwa nini kuhusu muziki. Tukiuliza hivyo, Miles na Ghariokwu watakaa darasa moja, wala hatakuwapo mmoja wa kuwa kipimo na mwingine wa kupimwa.