Sekunde Tano za Fundi Bomba

Singida iko kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni ikifika asubuhi za huko si za mchezo. Sebule haipashwi moto. Watu huvaa sweta. Kinachopashwa ni maji ya kuoga, na kwa kuwa jua si haba, mwenye uwezo huweka hita juu ya bati. Halafu inabidi achague: bomba la plastiki au la shaba?

Muuza vifaa atasema la plastiki, aina ya PPR, na hakosei. Bei yake inabebeka, tena haishiki kutu, jambo kubwa penye visima vya maji ya chumvi. Shaba ni ghali, na wezi wa vyuma chakavu wanaipenda kuliko mwenye nyumba.

Lakini mtazame fundi bomba hodari akichoma PPR. Anakata bomba lisikae mshazari, anafuta vumbi, anatia alama ya kina kwa penseli, anasubiri mashine ya kuchomea ifike nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linataka sekunde 5 hivi, kisha linasukumwa ndani ya elbo moja kwa moja, bila kulizungusha. Akizidisha, plastiki inajikunja kwa ndani na kubana njia ya maji. Akipunja, kiungo kitashika leo kije kuvuja mwakani, ukuta ukiwa umeshapigwa lipu na rangi. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu: ikifanywa vizuri, hakuna atakayeiona tena.

Anajua pia kwamba bomba hutembea. Joto likipanda nyuzi 50, mita 10 za shaba hurefuka milimita 8 au 9. PPR ya kawaida hurefuka kama 75. Kwa hiyo haibani kila mahali. Huiachia kona ya kupumulia.

Na hita ya jua ina kiburi chake. Siku ambayo hakuna aliyeoga, maji yake yanaweza kukaribia kuchemka, wakati PPR haikuumbwa kuvumilia zaidi ya nyuzi 70 miaka nenda rudi. Fundi mzuri huanza na shaba mdomoni mwa hita, kisha PPR ndani ya nyumba, na kipande chochote cha plastiki kinachobaki juani hukifunika. Mimi naona huo ndio uamuzi sahihi, hata bili ikipanda kidogo.

Wewe unayejenga, usiruhusu lipu ipigwe kabla fundi hajajaza maji na kupima presha mbele ya macho yako.